Barakoa Nilizozika Ufukweni

Jumatatu, 5 Oktoba 2020. Mahajanga.
Habari njema! Kamati ya mji inakuja Alhamisi kukagua migahawa ya ufukweni. Ufukwe safi, unafungua. Mchafu, basi tena mpaka korona iishe. Mgahawa wangu umefungwa tangu Machi. Nikashuka kutazama. Salaale! Barakoa kila mahali, mto umezileta kutoka mjini. Glavu nazo zimetuna kama samaki waliooza. Jirani yangu Besoa, mwenye mgahawa wa pili, anaziokota, anajaza gunia, analibeba hadi jaani kule kilimani. Masikini. Mimi nina akili.

Jumanne, 6 Oktoba.
Nimechimba shimo, nimefukia zote. Besoa akauliza zangu zimekwenda wapi. Nikamjibu bahari huwachagulia watu uchafu wao. Akacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Jumatano, 7 Oktoba.
Mkosi! Maji yamejaa, yamefukua shimo. Bata dume wa mke wangu Vavisoa akaenda kuchokoachokoa. Kamba za barakoa zikamfunga mdomo na shingo pamoja. Vavisoa amemlea tangu yai, anampenda kuliko mimi. Bata kiwewe, akakimbilia majini, akaanza kuzama. Kuogelea sijui. Nikapiga mayowe. Besoa akajitosa na nguo zake, akamtoa, akakata kamba kwa meno. Bata kimya. Mguu ukatikisika. Kisha: kwaak! Nikakaa chini mchangani, machozi yananitoka kama mtoto.

Vavisoa akafika mbio. "Baba Tsiky, barakoa zote hizi zimetoka wapi?"

Nikasema baharini.

Besoa akanitazama kwanza. "Kweli, shemeji. Baharini."

Akachukua gunia lake, akaanza kuokota zangu.

Alhamisi, 8 Oktoba.
Tumefunguliwa! Wote wawili! Kamati imesifu ufukwe wangu, nami nikashukuru kwa unyenyekevu. Vavisoa kampikia Besoa wali na samaki wa nazi. Bata anapita chini ya meza, anatudonoa vidole, na hakuna anayemfukuza. Miezi yote hii sijashusha pumzi namna hii.

Ijumaa, 9 Oktoba.
Barakoa nyingine, tele! Besoa amenipa gunia. Mtu mwema sana, lakini kile kilima! Nimekaa, nimetafakari, nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa kuzika. Kesho maji yakianza kupwa nitazisukumia zote baharini. Zitakwenda zao, na huko ziendako hakuna bata.