Hata Wezi wa Mtandao Hawanijui

Stoo ya Sampuli, chini kabisa,
Kiwanda cha Skrubu,
Gangshan.

Kwa Ndugu Weng Po-hsun,
Mkuu wa Usalama wa Data,
Ghorofa ya tatu.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUPITWA NA MATAPELI

Natumaini barua hii itakukuta umeshapata usingizi kidogo tangu lile janga. Sisi wa stoo ya sampuli hatujambo, yaani mimi, maana niko peke yangu. Naandika kwa mkono, kwa heshima zote na bila hasira, ingawa kalamu imetoboa karatasi hapa na pale.

Mimi ni Kan Hsiu-luan, mnayemwita Dada Luan pale mnapokumbuka kumwita. Nimetunza sampuli za skrubu tangu enzi Mwenyekiti Fang akija kazini kwa baiskeli ya baba yake. Karibuni nastaafu. Kabla sijaondoka, naomba jambo moja dogo lirekebishwe: katika kiwanda kizima, mimi ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kutokea yeyote wa kujaribu kumtapeli. Malalamiko yangu ni haya.

1. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya uliwatumia wafanyakazi barua pepe za uongo, ili uone nani atabonyeza asichotakiwa kubonyeza. Pi-hsia wa uhasibu aliambiwa ameshinda jiko la umeme, akabonyeza. Watu wa ghala waliambiwa kuna kifurushi kimekwama posta. Wakabonyeza wote, mpaka asiyengoja kifurushi. Adhabu yao ilikuwa mafunzo, na kwenye mafunzo kila mmoja alipewa chakula cha boksi chenye paja zima la kuku, na chai ya maziwa juu yake. Mimi, ambaye sikubonyeza kwa sababu sikuletewa cha kubonyeza, nilikula wali na yai langu huku nikisikiliza vicheko vyenu. Nilipokuuliza kwenye lifti ulinijibu, "Kumbe Dada Luan, na wewe una barua pepe?" Ndugu Mkuu, ninayo, naisomea kwenye simu. Wewe ndiye uliyenifungulia.

2. Nikajiambia, basi, labda wezi wa kweli wana adabu zaidi. Nikangoja. Pi-hsia akaandikiwa na rubani mjane mwenye mbwa wawili, akitaka tu nambari ya siri ya mfumo wa mishahara ili moyo wake utulie. Kwangu yakaja matangazo ya vitunguu vya bei nafuu. Nikaona niwasaidie. Nikaandika anwani yangu ya barua pepe kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye ubao wa sokoni, na chini yake nikaongeza: "Najibu haraka." Alijitokeza mmoja tu. Aliuliza kama bado nauza miche ya mipapai.

3. Jambo hili limeingia hadi nyumbani. Mdogo wangu Hsiu-chih, aliyeolewa Tainan, ameshalaghaiwa mara mbili. Tulipokutana siku ya kufagia makaburi ya wazee wetu, kaka yetu alimtolea shavu la samaki, sehemu tamu kuliko zote, ambayo mimi sijaionja tangu nizaliwe. "Kula, mdogo wangu, umepitia makubwa," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Na wewe Luan, walishakupigia?"

"Bado," nikasema.

Hsiu-chih akanipapasa mkono kwa huruma. "Usijali, dada. Wanaanzaga na wenye kitu."

Nilikula mkia, Ndugu Mkuu.

4. Sasa nakuja kwenye asubuhi ile yenyewe. Sitaki kukukumbusha machungu, lakini nawe hukuyaona yangu. Skrini zote zilipogeuka nyekundu, na maandishi yakatutaka tulipe, la sivyo michoro yote ya skrubu isifunguke tena na siri zetu zianikwe duniani, mimi nilikuwa nalifuta vumbi kabati. Nikasikia mashine za kukatia chuma zinanyamaza, moja baada ya nyingine. Pi-hsia alikuwa anapiga kelele koridoni, "Mama yangu, nakufa! Mishahara yote imo humu!" Nikatoka, nikamwona Mwenyekiti Fang amekaa juu ya kreti la nati, kichwa mikononi. "Baba alianza na mashine moja," alikuwa akisema, wala hakuwa anamwambia mtu. "Mimi namaliza bila hata moja."

Moyo uliniuma, nasema kweli. Nikakimbilia kompyuta yangu nami nikateseke na wenzangu. Samaki wa ile picha ya kupamba skrini walikuwa wanaogelea. Nikaizima, nikaiwasha. Wanaogelea. Nikaipiga kibao. Wanaogelea, tena kwa raha.

Nikarudi koridoni walikokuwa wamekumbatiana. Pi-hsia akanishika shingoni, analia. "Na wewe wamekufungia?"

"Hapana, yangu nzima."

"Ah," akasema, akaniachia.

5. Kisha ukaja wewe, mbio, kiatu kimoja hakina kamba, ukataka kujua imekuwaje. Nakujibu tena kwa maandishi. Ulipounganisha kompyuta za kiwanda, waya haukufika mezani kwangu, kwa kuwa meza nilikuwa nimeisogeza mbali na kiyoyozi kinachonipuliza shingoni. Fundi wako alisema, "Nakuja na waya mrefu, Dada Luan." Bado yuko njiani. Kwa hiyo kila Ijumaa napanda ghorofani na kidiski changu, nanakili michoro yenu yote nipate kuilinganisha na sampuli, kisha nakifungia kwenye kopo la biskuti, panya wasikitafune.

Sikutegemea kwamba utalia. "Nakala safi! Haikuunganishwa popote! Haijaguswa!" ulikuwa ukisema, huku umelikumbatia kopo langu. Ukapanda nalo juu. Kabla ya chakula cha jioni mashine zilikuwa zinanguruma, na wezi hawakulipwa hata senti. Nilifurahi kama wote. Ila mle koponi mlikuwa na keki zangu za nanasi, na kopo sijaliona tena.

6. Wiki iliyofuata, kila ambaye taarifa zake ziliibwa alipata barua ya kuombwa radhi na boksi la mapeasi. Pi-hsia aliyabeba mapeasi yake akipita mlangoni pangu taratibu, na si njia yake. Nilipoulizia yangu, nikaambiwa hayo ni ya waathirika. Halafu ukanunua katoni ya vile vitafunio vya mahindi vya pakiti ya kijani, ambavyo ninyi mafundi mnaamini ni kinga ya mashine, ukaweka pakiti moja juu ya kila kompyuta ili itulie na isilete matata. Yangu hukuiwekea. Ulisema, "Ya kwako imeshatulia."

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Ukituma tena barua za uongo, uanze na mimi, na yangu iwe ya heshima, isiwe ya jiko. Fundi alete waya mrefu, ili janga lijalo linikute mahali pangu kama mfanyakazi yeyote. Na endapo wezi wale watakupigia tena kudai fedha, uwatajie jina langu, kwa upole tu: uwaambie nina akiba posta, naishi peke yangu, na nina maua ya okidi ambayo watu wa maonyesho walishayatamani.

Nisalimie jirani zako wa ghorofa ya tatu, na mama yako kama mgongo umepoa. Wasalimie pia wote ambao taarifa zao ziko safarini duniani. Zikikutana na mtu huko, zinitaje.

Wako mtiifu, asiyeguswa,
Kan Hsiu-luan (Bi)

N.B. Ndugu Mkuu, nafuta malalamiko yote! Nilipokuwa natafuta bahasha, simu ililia. Wamenikumbuka! Ni barua ya ulaghai, tena ya daraja la juu: eti inatoka kwa Mwenyekiti Fang mwenyewe. Eti anaona aibu kwa kuchelewa kunishukuru, eti kiwanda kimepona kwa mikono yangu, na Jumamosi kuna karamu kwa heshima yangu. Nibonyeze hapa kuchagua samaki au bata. Lakini Pi-hsia alinihadithia mafunzo yenu yote: anayekusifu, akakuharakisha, kisha akakutaka ubonyeze, huyo ni mwizi. Na Mwenyekiti aliyeona aibu ni nani amewahi kumsikia? Nimeifuta papo hapo, nikamzuia mtumaji asiniandikie tena. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Nafunga haraka, kwa sababu sasa kuna mtu anagonga mlango, amevaa suti na ana maua, anauliza, "Dada Luan, samaki au bata?" Angelijuaje swali hilo kama si yeye aliyeandika? Nimeshatia komeo na kumwita mlinzi aje na kirungu. Ila tuwape haki yao, wamejitahidi. Hata upara wa Mwenyekiti wameupatia.