Kadi ya Almasi na Matumbo ya Mama Nthambi

Matheka alipoiona foleni kwenye kibanda cha chakula cha Mama Nthambi pale mtaani Mowlem, mate yalimjaa, na si kwa sababu ya matumbo. Watu wote hawa, na mwenye biashara hana hata kadi ya benki! Aliinyoosha suti aliyokodi kwa fundi Ng'ang'a hadi Ijumaa, suruali yake mwenyewe ikibaki huko rehani, akapenya.

"Bwana asifiwe, mama!"

"Amina. Unakula nini?"

"Nimekuletea kadi ya mkopo ya biashara. Ukinunua unga, pointi. Mafuta, pointi. Ya Fedha zawadi yake sufuria, ya Dhahabu friji, ya Almasi safari ya Dubai. Kujiunga elfu tano tu."

"Benchi hii ni ya wanaokula, mwanangu. Asiyekula huongea akiwa barabarani, na mambo ya barabarani mimi siyasikii."

Matheka akaagiza. Mama akampa kipande cha katoni, akakigonga muhuri kwa kizibo cha soda kilichochovywa kwenye mchuzi.

"Sahani kumi, zawadi."

"Zawadi gani?"

"Kubwa."

Basi ushauri wa kibenki ukaanza, asubuhi na jioni, sahani kwa sahani.

"Hiyo friji inakuja na stima yake?"

"Hapana, mama."

"Na nikifa, pointi anarithi nani?"

"Watoto."

"Wakigombana?"

Swali hilo lilihitaji sahani ya tatu. Jumanne Matheka alimwachia kadi ya Almasi alale nayo, aiombee. Alhamisi hakutaja benki kabisa. "Mama, muhuri huu haujatokea vizuri, rudia," alilalamika, mtu mzima mwenye tai. Pesa ya kulipia suti ilishaingia tumboni, lakini nani angekimbia akiwa na mihuri minane?

Ijumaa, muhuri wa kumi. Benchi nzima ikapiga makofi. Mama Nthambi akafuta mikono, akaingiza mkono kifuani, akatoa kitu kilichofungwa kwa nailoni. Ilikuwa kadi ya Almasi.

"Lakini mama, hii si ni yangu?"

"Uliniachia mimi. Nimetafuta zawadi kibanda kizima, sijaona inayoshinda Dubai. Ama si ya kweli?"

Vijiko vilisimama hewani. Macho yote yakamgeukia Matheka. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa mabati, mbele wabeba mizigo sita walioshiba.

"Ni ya kweli kabisa, mama."

"Basi sema asante."

"Asante, mama."

Hapo ndipo fundi Ng'ang'a alipoinamisha kichwa mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Matheka! Lipa au vua!"

Matheka alipapasa mifuko yote ya suti. Akapata katoni yenye mihuri kumi. Akaanza kufungua vifungo.

"Usimkaripie, fundi," Mama Nthambi alisema, akimpakulia mteja mwingine. "Anasafiri huyo. Dubai kuna joto, suti ya nini?"