Kumshinda Shemeji kwa Utulivu

Jumatatu, 4 Machi
Mshauri wa zahanati amesema nina sonona. Mke wangu kadai alijua siku nyingi, alikosa jina tu. Tiba: kila asubuhi nikae kimya, nitazame pumzi ikiingia na kutoka. Pumzi! Nimepumua maisha yangu yote bila msimamizi. Lakini nimekubali. Tangu nishindwe kuamka kwenda kwenye kibanda changu cha ushonaji, cherehani yangu anaiendesha shemeji, kaka yake mke wangu. Eti ananishikia. Wateja wameshaanza kumwita fundi. Mimi ni "yule mwingine". Nikipona tu, anafungasha.

Jumanne, 5 Machi
Nimetafakari. Mshauri alisema mawazo yakija niyaache yapite. Yalikuja yote, shemeji akiwa mbele. Nikazidisha dozi: asubuhi, mchana, jioni. Si dawa zote za zahanati ndivyo zilivyo? Mchana nikashikwa na kizunguzungu. Mke wangu akauliza kama natafakari au napuliza moto.

Jumatano, 6 Machi
Sikuamka. Mke wangu aliniletea chai kitandani, ikapoa nikiitazama. Huzuni imenikaa kifuani kutwa nzima, na sababu siioni. Leo sina mzaha.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango mpya! Nimepiga moyo konde, nikajikokota hadi kibandani. Nikaketi mlangoni, macho nimefumba, tepu shingoni, wateja wamwone fundi halisi aliyetulia. Mama wa kwanza akanyata, akamnong'oneza shemeji kumuuliza nimefiwa na nani. Mteja wa pili, mzee, akavua kofia. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua nina msiba. Waliokuja kunipa pole wakaona haya kuondoka hivihivi, wakamwachia shemeji suruali za kupunguza. Rundo! Nimeula wa chuya.

Ijumaa, 8 Machi
Nilikwenda kumtimua. Nikamkuta nyuma ya cherehani, macho amefumba, machozi yanamtiririka. Akasema hata yeye kuamka humshinda. Kazi yangu ndiyo inayomtoa kitandani. Dada yake alikuwa akimsimulia ninayofundishwa zahanati, naye anajaribu. Nikavuta stuli, tukapumua wote wawili. Nililia na sikuona aibu. Mara ya kwanza kwa muda mrefu kifua kikawa chepesi. Nikamwambia abaki, tutapokezana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka mwenyewe, bila kuvutwa shuka! Nafika kibandani, shemeji keshaketi, katulia tuli. Mshauri alikuwa amepitia sketi yake. Akasema hajapata kuona mtu anayetafakari vizuri namna ile. Yeye! Wakati zahanati naenda mimi! Mgonjwa mwenye cheti ni mimi! Nikatabasamu kwa upole mwingi mpaka mashavu yakauma. Walipotoka kuagana, nikauficha mto wa shemeji wa kukalia nyuma ya vitambaa. Tuone Jumatatu atatuliaje kwenye ubao mtupu.