Magugu Yanalala kwa Blanketi

Nyumbani, nyuma ya soko la Rangwe,
Mei, 1998.

Kwa Bwana Afisa wa Kilimo, uliyetufundisha siku ile karibu na mashine ya posho.

Ndugu Afisa,

YAH: MATANDIKO YANGU, NA MKE WANGU ALIYEKO KISEGI

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini pikipiki yako ilivuka yale matope. Mimi ni yule mwenye kofia aliyekubali kwa kichwa kila ulichosema. Ndiyo sababu nadai haki.

1. Ulikataza dawa ya kuua magugu. Ulisema inaua hata nyungunyungu, halafu mvua inaishusha mtoni tunakochota maji. Nikarudisha chupa dukani. Mwenye duka akaniuliza kama nimeokoka.

2. Ulisema magugu yakinyimwa mwanga yanakufa yenyewe, kwa hiyo tufunike udongo kwa matandazo. Bwana Afisa, wewe ni mtu wa Pwani, Kiswahili ulikinyonya. Sisi tulikutana nacho ukubwani, tena sokoni. Na mashine ilikuwa inasaga. Mimi nilisikia "matandiko". Nikashukuru kwamba leo serikali imetaja kitu ambacho kila nyumba inacho.

3. Mimi sifanyi kazi nusu. Nilingoja mke wangu Filister aende kuuza omena, dagaa wetu wa ziwani, nikatandika shamba la sukuma wiki, katikati ya mistari. Blanketi, shuka, hata ile ya maua tuliyopewa siku ya harusi. Pembe nilizikunja vizuri nikazichomeka udongoni. Kule mwisho kwenye onyiego, lile gugu linaloshika suruali, shuka hazikufika. Nikaongeza vitambaa vya kochi alivyofuma mwenyewe.

4. Jirani yangu Odhiambo aliegemea ua akauliza kama mboga zina malaria, alete na chandarua. Kisha akataka kujua zinaamka saa ngapi, na kama zinakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Nikaendelea kuchomeka pembe. Nilijua serikali iko nyuma yangu.

5. Hapa naomba uketi. Siku hiyo hiyo mama mkwe alifika kutoka Kisegi bila kutuma habari. Kwa sisi Wajaluo, mama mkwe hasogelei hata mlango wa chumba anacholala mkwewe. Naye hakuusogelea. Chumba ndicho kilichotoka nje kumlaki. Alikuta shuka za binti yake zimenyooshwa juani, na mimi katikati nimepiga magoti. Akajifunika uso kwa leso, akageukia langoni, hata maji hakunywa. Filister alikutana naye njiani, akasikia, akaondoka naye. Ujumbe wa kunifikia aliuacha kwa Odhiambo, maana yake aliuacha kwa soko zima: kwamba nikae na hao niliowatandikia.

6. Baadaye mwalimu Orpah wa shule yetu alinieleza kwamba matandazo ni nyasi kavu na mabua tu. Hivyo nilikuwa navyo, Bwana Afisa. Nilivichoma ili shamba liwe safi kabla ya kutandika.

7. Hii ni wiki ya tatu. Magugu yanalala kwa blanketi, mimi nalala kwa gunia. Kuyafunua siwezi. Mvua hii ya Elnino imeyalowesha matandiko yakawa mazito kama ng'ombe, na Odhiambo yuko pale kwenye ua anangoja kuona nikiyaamsha magugu. Nyumba nayo imekuwa kubwa. Nikikohoa, hakuna wa kuniambia ninywe maji.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

Neno matandazo lifutwe katika Kiswahili, angalau upande huu wa ziwa.

Niruhusiwe ile dawa. Nyungunyungu hawajawahi kunipikia.

Na wewe mwenyewe uende Kisegi, umevaa sare, usimame mbali kidogo, umweleze mama mkwe kwamba alichokiona hakikuwa matandiko bali kilimo. Mimi siwezi. Nitaanzaje kutaja shuka mbele yake?

Wasalimie nyumbani kwako wote, walio kitandani na walio shambani.

Wako anayeona baridi,
Dishon Ogweno.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shemeji yangu Scovia amefika kutoka Kisegi. Anasema mama mkwe alilia juma zima, kisha akajiuliza ni kitu gani kinaweza kumfanya mtu mwenye akili atandikie udongo. Akajaribu. Sangari yake, lile gugu lisilokubali kung'oka, imegeuka njano, sasa ametandika hadi shamba la mihogo, na baba mkwe anajifunika tanga la mashua. Filister anarudi Jumamosi, kwa sababu kule hakuna tena cha kujifunika.

Basi neno libaki. Dawa sitaki. Kisegi usiende, utaombwa mito. Nimechungulia chini ya ile shuka ya maua, na magugu yangu yamebakisha kidogo tu kufa. Nijibu upesi: Jumamosi nitandike wapi, kitandani au shambani?