Malalamiko ya Kurudishwa Chekechea Nikiwa na Miaka Sitini na Mitatu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Walimu wa Chekechea,

Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa penseli, maana kalamu ya wino sijaruhusiwa bado.

Mimi ni mume wa mkufunzi wako, yule anayewafundisha walimu wapya kuimba, kupiga makofi na kutopiga watoto. Ni askari magereza mstaafu. Nimefungia watu milango miaka thelathini bila yeyote kuniuliza najisikiaje. Sasa shule zimefungwa, walimu wako hawana watoto wa kufanyia mazoezi, basi mke wangu akawaleta nyumbani, wote tisa, wafanyie kwangu. Balaa likaanzia hapo:

1. Kila kitu kimebandikwa jina. MLANGO. KITI. Mchana nilisinzia kidogo, kuamka nimebandikwa BABU. Kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe!

2. Nikitaka kwenda chooni nanyoosha mkono. Binti mmoja, mpole kweli, akaniambia, "Subiri kidogo babu, tumalize wimbo wa bata." Wimbo wenyewe una beti sita. Kibofu changu, mheshimiwa, hakijui kuhesabu.

3. Kwa kuwa sikuwa na mwenzangu wa kugawana naye vitu, wakamwita jirani yangu muuza nyama. Mtu huyu anakula udongo wa kufinyangia. Nimemwona kwa macho yangu.

4. Ijumaa tumepewa ripoti. Muuza nyama: "Mchangamfu. Apande darasa." Mimi: "Anatambua rangi zote, ila anaamrisha wenzake na kununa. Arudie." Nirudie! Mimi niliyekuwa nikikohoa, gereza zima linasimama! Nilipomlilia mke wangu akasema, "Baba watoto, hapa mimi si mkeo, ni mwalimu." Nimeumia, sifichi.

Kwa hiyo naomba nisahihishwe upya na mkufunzi nisiyelala naye chumba kimoja. Na muuza nyama apimwe tena, hasa kwenye kipengele cha udongo.

Wasalimie makarani, wapishi na wakufunzi wote, hasa wanaonionea huruma.

Wako mtiifu, kutoka mkeka wa bluu,

Mume wa Mkufunzi

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii, akanieleza kwamba aliyefaulu hahitajiki tena kwenye mazoezi. Kumbe ndiyo maana tangu Jumatatu muuza nyama anatuchungulia dirishani tukiimba. Tafadhali ichane barua hii. Na asije mtu akasema nimeonewa: leo asubuhi nimemwaga rangi makusudi.