Kitanda cha Dirishani

Jumanne, 3 Juni

Nimetoka Nzuguni kumjulia hali Bartolomayo kwenye makazi mapya ya maveterani. Nimerudi na homa. Si malaria, ni wivu. Naandika wazi kwa kuwa humu hasomi mtu.

Ana kitanda cha dirishani! Shuka anafuliwa. Uji unamfuata alipo. Muuguzi anamwita Afande. Afande! Mimi nilikuwa sajini, yeye koplo. Kule vitani Kagera nilikuwa namtuma maji. Leo serikali inamlipia kila kitu mpaka siku Mungu atakapomwita, na mimi mkubwa wake niko Nkuhungu namwagilia mchicha.

Alinishika mkono muda mrefu. Akasema tangu Pasaka hajatembelewa na mtu, usiku anaongea na ukuta. Akamuulizia mke wangu, Edina, akasema mimi nimebarikiwa. Mjanja huyu! Anajifanya mnyonge ili nisimwonee wivu.

Nikapeleleza. Kwenye bajeti ya mwaka huu kimebaki kitanda kimoja. Ila serikali hailipii mwenye mtu wa kumtunza nyumbani. Hicho ndicho kikwazo pekee. Na kikwazo chenyewe kiko jikoni sasa hivi kinasonga ugali.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Edina aende Gulwe kwa dada yake Emilia akapumzike. Akanitazama. Akasema miaka yote ya ndoa sijawahi kumwambia apumzike. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Ikapita. Akanichemshia maharage, akanipangia dawa za presha kwenye kikombe. Nikamsindikiza stesheni.

Kutoka hapo, moja kwa moja ustawi wa jamii. Afisa ni Bi. Lea, binti mpole. Akanipa shikamoo, nikaipokea kwa sauti ya mgonjwa. Nikamweleza sina mke, sina mtoto, sina hata jirani wa kunipa maji. Akasikitika sana. Jumamosi atakuja kujionea. Ila kwanza balozi wa nyumba kumi athibitishe.

Alhamisi, 5 Juni

Balozi wetu ni Cornel, na Cornel anamjua Edina. Ikabidi nimwambie kwamba Edina amenikimbia, amerudi kwao, harudi tena. Nikamwomba iwe siri. Akanishika bega, machozi yanamlengalenga. Amethibitisha. Mtu mwepesi kudanganywa! Bartolomayo ajiandae, nikihamia pale nitadai dirisha. Mimi ni sajini.

Jumamosi, 7 Juni

Balaa! Nilijiandaa vizuri. Shati lililochanika. Jiko nimelizima kwa maji. Nikajilaza mkekani. Hodi ikapigwa, nikajibu kwa kikohozi.

Si Bi. Lea. Ni jumuiya nzima! Nilisahau kwamba Cornel ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Kwenye sala ya asubuhi ametangaza mwenzetu ameachwa. Nani asiyewajua hawa wakisikia mtu ana shida? Wameingia na mchele, na kuku, na mafagio. Angelina akavamia vyombo. Jirani yetu Sikudhani wa nyumba ya pili, Mwislamu, jumuiya haimhusu, naye kaleta chapati! Wanaume wako juu wanaziba bati. Mzee Optatus akaninyoa ndevu kwa nguvu. Wamegawana hadi zamu za kunipikia. Nikawasihi waondoke. Wakasema ni uchungu wa kuachwa unaongea, wakazidi kuimba.

Bi. Lea akaingia katikati ya wimbo. Akapewa paja la kuku. Akala, akatazama pande zote, akaniinamia. "Mzee wangu, hata serikali haiwezi kukutunza hivi."

Kitanda nimekikosa. Kasema hali ikibadilika nimpigie.

Jumatatu, 9 Juni

Habari zimefika Gulwe. Edina amepiga simu. Hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya.

"Nilimwambia Emilia mume wangu sasa ananifikiria," akasema. "Kumbe umesema huna mtu. Basi huna."

Akakata. Hapo hapo akampigia Cornel, Cornel akawaeleza wenzake. Zamu zimefutwa. Angelina amekuja kuchukua sufuria yake, hata salamu hakunipa. Maharage yamechacha. Dawa za kikombeni zimeisha, na sijui nyingine Edina anaziweka wapi. Nyumba imenyamaza mno. Nimelia. Naandika wazi, nimelia. Namtaka mke wangu. Kesho nampigia, namwomba radhi kwa magoti.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshika simu nimpigie Edina. Kabla sijabonyeza, Bartolomayo huyo anapiga! Anasema kile kitanda bado kitupu, kiko jirani na chake. Anasema wamewekewa televisheni mpya, lakini kuangalia peke yake hakuna raha, bora mimi mwenye mke wa kuzungumza naye.

Televisheni! Koplo!

Nikakaa kitandani nikafikiri. Mke, hayupo. Jumuiya, haiji. Jirani hata hanisalimii. Jamani, si nimetimiza masharti yote? Tena safari hii bila uongo hata chembe!

Nimempigia Bi. Lea, anakuja Alhamisi. Kisha nimezima simu. Edina ana huruma sana yule. Anaweza kupiga kusema amenisamehe, anarudi, akaniharibia kila kitu.