Meza Nane za Shangazi Zelinda

Jumanne, 12 Novemba

Wateja wa leo wawili. Mmoja alitaka choo tu. Wa pili alisoma orodha ya chakula kuanzia juu hadi chini, kisha akaniuliza kwa upole watu wa Mantova wenyewe wanakula wapi. Nikamwambia wanakula hapa hapa. Akatazama meza nane tupu, akanitazama mimi, akashukuru, akavuka uwanja kwenda kwenye mkahawa wa Ghidoni.

Ghidoni! Foleni yake imefika hadi kwenye chemchemi. Na ukungu huu wote!

Jioni nimelikuta sanduku la Shangazi Zelinda mlangoni mwa jikoni. Sanduku la safari, lile la kahawia, limefungwa mkanda. Nikauliza la nani. Akasema ni lake, na kwamba ana miaka sabini na tisa na amechoka kupikia viti. Sharti lake ni hili: hadi Jumapili mchana, meza zote nane zijae kwa wakati mmoja, hata mara moja tu. Zisipojaa, anakwenda kuishi kwa dada yake Bolzano, na hapa patakuwa duka la makava ya simu.

Makava ya simu! Mimi nilijifunza kutembea kwa kushika miguu ya meza hizi. Shangazi ndiye aliyenilea, na jiko lake ndilo pekee ninalolijua. Sikuweza kumaliza chakula changu.

Lakini mimi, Learco Truzzi, nina akili ya biashara tangu utotoni, ila bahati tu ndiyo inayonipiga chenga. Wageni wanataka kuona wenyeji wakila? Watawaona.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda klabu ya wazee ya kurusha tufe. Nimempata Mzee Nereo, kinyozi mstaafu, na wenzake watatu. Makubaliano ni kwamba kila mmoja anapewa bakuli la anyolini, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama, ndani ya supu ya Shangazi, bure. Kazi yao ni kukaa dirishani saa sita hadi saa nane na kuonekana wenye furaha. Nereo akataka kujua furaha yenyewe inaonekanaje. Nikamwonyesha. Akasema afadhali wabaki na nyuso zao.

Wamefika saa sita kamili na kukaa wakilipa dirisha mgongo! Kisa? Upepo wa dirishani unaharibu shingo, na shingo ikishaharibika haina fundi. Kwa nusu saa nzima wapita njia wameona makoti manne ya kijivu. Nikawageuza kwa nguvu, nikawafunga skafu zangu zote, pamoja na ile ya Shangazi ya kanisani.

Ikafanya kazi! Mke na mume kutoka Uholanzi wakaingia. Wakamuuliza Nereo kama chakula ni kizuri. Nilimkonyeza, nikamkonyeza tena. Nereo akajibu kwamba ni kizuri, ila kungumanga imepungua, na kwamba amekuwa akimwambia Zelinda jambo hilo tangu mwaka 1981. Shangazi akasikia. Akatoka jikoni na mwiko. Kesi ya kungumanga ikasikilizwa upya tangu mwanzo, mashahidi wote wakaitwa. Waholanzi walisimama wakisubiri hukumu, kisha wakaenda kwa Ghidoni.

Hata hivyo, waliingia. Ni hatua.

Alhamisi, 14 Novemba

Siri iko kwa Ghidoni, basi nimekwenda kuifuata huko huko. Kofia ya marehemu mjomba, miwani ya jua, masharubu niliyoyachora kwa makaa. Mama yangu mwenyewe asingenijua.

Ghidoni akanifungulia mlango na kusema, "Karibu, Learco. Kaa hapa karibu na hita, masharubu yako yanachuruzika."

Sikujali. Nimeona yote! Kwanza, chakula hakiwekwi kwenye sahani, kinawekwa juu ya vibao vyeusi vya mawe. Pili, keki ya lozi, sbrizolona, ambayo tangu kuumbwa kwa Mantova inavunjwa kwa ngumi katikati ya meza, yeye anaikata kwa kisu, vipande vya pembe nne, na uma pembeni. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akitia divai kwenye supu. Wazee wangu mimi wanamimina divai nyekundu hadi supu inakuwa ya zambarau, wanalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, wanakunywa kwa sauti ya maji ya bombani. Ndiyo maana wageni wanakimbia! Tunawatia kichefuchefu.

Ghidoni alikuwa akinitazama muda wote kwa uso wa mtu anayeumwa jino. Alijua nimemgundua.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku ya mageuzi. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una plasta.

Vibao vya mawe nimevipata kwa fundi makaburi, mabaki. Safi kabisa, ukikigeuza kile chenye herufi tatu. Tatizo ni siagi. Tambi zile za kujazwa maboga zikiwekwa kwenye jiwe zinateleza. Sita zilivuka meza na kuanguka kwenye mkoba wa mwalimu mmoja kutoka Verona, mteja pekee aliyelipa wiki hii. Sbrizolona nayo haikatiki. Nilitumia kisu cha mkate, kisha msumeno. Ndiyo maana ya plasta.

Shangazi alitazama yote hayo. Angenigombeza ningefurahi. Alikwenda tu akaweka viatu vyake vya baridi ndani ya sanduku.

Kisha tangazo. Nililiandika kwa herufi nzuri na kulibandika dirishani: "Wateja wapendwa, divai inywewe glasini, si kwenye supu." Nereo alikuja saa sita kamili. Akalisoma. Akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena. Wenzake walisubiri nyuma yake, kofia mkononi, utadhani wanasoma tangazo la msiba.

"Supu bila divai wape wagonjwa," akasema. "Mimi mzima."

Wakavuka uwanja wote wanne, polepole, wakaingia kwa Ghidoni. Na skafu zangu wakaenda nazo.

Jumamosi, 16 Novemba

Dirisha liko tupu, na kesho ndiyo kesho. Lakini mtu mwenye akili hakosi wenyeji!

Duka la nguo la pale kwenye matao limefungwa, na mwenye duka alikuwa akitupa masanamu matatu ya kuvalisha nguo. Nimeyachukua. Nimeyavika kofia na makoti, nikayakalisha dirishani mbele ya mabakuli. Kwa mbali wanapendeza kuliko klabu nzima ya tufe, na hawana maoni yoyote kuhusu kungumanga.

Bibi mmoja wa Kijerumani akaingia! Akakaa meza ya jirani, akamsalimu wa kwanza. Akamsalimu tena. Akamwomba chumvi. Akainuka akilalamika kwamba watu wa mji huu wana maringo ambayo hajapata kuyaona popote. Nilimkimbilia kumweleza kwamba yule mzee ni mgonjwa wa masikio. Wakati huo huo mkono wa mzee ukadondoka sakafuni.

Shangazi ameniomba nimshushie blanketi lake la sufu kutoka kabatini. Nimelishusha. Lilinukia jikoni kwetu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna mpango. Akanipiga kofi dogo shavuni, lile la zamani, na kusema nikapumzike.

Hakuna mpango. Naandika hivi hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Naogopa.

Jumapili, 17 Novemba

Ukungu! Umepanda kutoka ziwani, mzito kiasi kwamba nimebisha hodi kwenye duka la dawa nikidhani ni kwetu.

Saa tano Shangazi aliweka sufuria kubwa ya mwisho jikoni. Saa sita kasoro alikuja dirishani, akabandua tangazo langu, akaliweka mfukoni mwa aproni. Akayabeba masanamu kwapani, moja moja, akayapeleka uani. Kisha akatoka na aproni yake, akavuka uwanja, akafungua mlango wa Ghidoni mbele ya foleni nzima. Nilimfuata nikiwa nimejificha, ingawa kwa ukungu ule hapakuwa na haja.

"Nereo," akasema, "supu iko mezani. Njoo na divai."

Nereo akauliza kuhusu kungumanga. Shangazi akavuta pumzi ndefu, akasema ameongeza. Miaka arobaini na tatu! Kinyozi yule alisimama akiwa na kitambaa shingoni bado, na alipofika nje alipiga mluzi, klabu nzima ikaja.

Wakajaza meza tatu. Wakamimina divai, wakainua mabakuli, na ile sauti ya bombani ikaanza. Nikafumba macho kwa aibu. Nilipoyafumbua, dirishani palikuwa na nyuso. Watalii wa Kireno, zaidi ya ishirini, walikuwa wamempoteza kiongozi wao kwenye ukungu na kuifuata taa yetu. Mama mmoja akaingia akauliza wale mababu wanakunywa nini. Nereo akamvutia kiti na kumwonyesha: divai kidogo, zungusha, mikono miwili, usiogope. Mama akanywa. Akafumba macho. Akawaita wote.

Meza nane! Nimezihesabu mara nne. Ya tisa tuliitoa jikoni. Sbrizolona ikapigwa ngumi na Shangazi mwenyewe, vipande vikaruka hadi kwenye nywele za watu, wakashangilia.

Saa nane akaja Ghidoni kuchungulia. Shangazi akamkalisha, akamwekea bakuli. Akatia divai, akanywa. Kisha akasema hajafanya hivyo tangu mama yake afariki, maana wageni wake hukunja sura, na kwamba juzi nilipokuwa kwake alitamani kunikaribisha tunywe wawili jikoni, kwa kujificha. Alikuwa na machozi. Nami pia nilikuwa nayo, lakini mimi ni kwa sababu ya mvuke.

Jumatatu, 18 Novemba

Shangazi ametoa kila kitu sandukuni. Viatu vimerudi chini ya ngazi, blanketi limerudi kabatini, sanduku tupu limepanda juu ya kabati. Nilikaa kwenye ngazi nikilia kwa furaha, sioni haya kuandika.

Akaniambia, "Umeona, Learco? Tuwe tunafanya kama nyumbani, basi."

Nimekubaliana naye kabisa. Ila Shangazi ni mpishi, si mtu wa biashara. Mimi nimekaa nikapima. Jumamosi tulikuwa na meza, supu, taa, na hata wenyeji, wale watatu. Jumapili tulikuwa na vyote hivyo. Tofauti ni moja tu: ukungu. Wageni wakiona njia, wanakwenda kwa Ghidoni. Wasipoiona, wanakuja kwetu. Na kiangazi Mantova haina ukungu!

Mchana nimekwenda kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa, ng'ambo ya ziwa. Nimebadilishana, masanamu matatu kwa mashine moja ya moshi, ile ya jukwaani. Inafanya kazi vizuri mno. Niliijaribu uani dakika mbili, jirani akapiga simu, wakaja zimamoto sita. Nimewaeleza kwamba ni jaribio la kibiashara. Wawili walisoma orodha ya chakula wakiwa wanaondoka, kwa hiyo matokeo ni mazuri.

Shangazi asiione kabla ya Juni. Nimetafuta mahali pa kuificha nyumba nzima, na nimepata pazuri: ndani ya lile sanduku la kahawia, juu ya kabati. Imeenea barabara. Humo hatafungua kamwe. Haendi popote.